Aloi ya titani yenye nguvu zaidi kwa bolti: mwongozo kamili, kutoka hesabu hadi hesi

Chukua pini ya titani yenye kipenyo cha milimita 6.35, yaani robo inchi. Ipenyeze kwenye visahani vitatu vya feleji ngumu, kisha sukuma kile cha katikati mpaka pini ikatike sehemu mbili kwa mpigo mmoja. Kama ni aloi ya Ti-6Al-4V, yaani titani yenye asilimia 6 za alumini na 4 za vanadi, iliyopikwa ikaiva, inatakiwa ihimili kilonyutoni 41 na ushei. Pini ya feleji ya daraja la juu yake inatakiwa ihimili 47. Mwongozo huu unahusu hizo kilonyutoni 6 zinazopungua: namna ya kuzipata bila kuigeuza pini kuwa kigae.

Kwa lugha ya viwango vya anga, bolti za Ti-6Al-4V hudaiwa megapaskali (nyutoni kwa milimita ya mraba) 1100 za kuvutwa na 655 za kukatwa. Feleji ninayoisema hudaiwa 1240 na 745. Lakini sentimita moja ya ujazo ya feleji ina gramu 7.85, na ya titani hiyo ina gramu 4.43 tu. Ukipata titani inayofika 1240 na 745, unaweza kung'oa bolti ya feleji na kuweka ya titani ya kipenyo kilekile, tundu lilelile. Jambo hili lina uzito zaidi tangu ndege zianze kuundwa kwa nyuzi za kaboni. Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni vitu hivyo, haiwezi kufungwa ovyo kwa alumini au feleji ya kawaida, kwa kuwa zikigusana na kaboni penye unyevu huliwa na kutu. Titani haiathiriki.

Hatua ya kwanza: andika kazi ya bolti kabla hujagusa mizani

Wengi huanza na orodha ya elementi. Mimi nasema anza na bolti yenyewe. Andika kipenyo kikubwa zaidi utakachotengeneza, mzigo wake ni wa kukata au wa kuvuta, joto la mahali itakapokaa, na mara ngapi itavutwa na kuachiwa katika maisha yake. Hayo manne yataamua karibu kila kitu kinachofuata.

Bolti nyingi za ndege hufanya kazi ya kuzuia mkato, na nguvu ya mkato ya titani ni kama asilimia 60 ya nguvu ya mvuto. Ukiipandisha ile ya mvuto hadi 1500, usitegemee ile ya mkato ipande kwa uwiano uleule. Nimeona watu wakishangilia namba ya mvuto kisha pini ikawaangusha kwenye visahani vitatu.

Udogo wa bolti ni neema kubwa katika kazi hii. Ti-6Al-4V ikitoswa majini hukomaa vizuri mpaka unene wa kama milimita 25. Zaidi ya hapo moyo wake hupoa polepole na nguvu hupungua. Mtengenezaji wa magurudumu ya ndege hulia na jambo hilo, wewe hulazimiki. Kadhalika tonge dogo la aloi huganda haraka, na kuganda haraka ni dawa ya ugonjwa mmoja unaoletwa na chuma nitakaoueleza hapa chini.

Hatua ya pili: fahamu alfa na beta

Titani tupu chini ya nyuzi 882 za Selsiasi hupanga atomi zake kwa pembesita zilizobanana; huo ndio mpangilio wa alfa. Juu ya 882 hujipanga upya kwa mchemraba wenye atomi moja katikati; hiyo ni beta. Alumini na oksijeni huipenda alfa, kwa hiyo huupandisha mpaka huo. Vanadi, molibdeni, kromi na chuma huipenda beta, nazo huushusha. Ti-6Al-4V mpaka wake uko karibu na 995. Ti-10V-2Fe-3Al, iliyotumika kwenye miguu ya kutulia ya Boeing 777, uko karibu na 800. Ile inayoitwa Beta C, yaani Ti-3Al-8V-6Cr-4Mo-4Zr, uko kama 730.

Siri yote ya kuongeza nguvu imo hapo. Unaipasha aloi mpaka beta itawale, unaipoza ghafla ili beta ibaki imenaswa ingawa haistahili tena kuwepo, kisha unaipasha kidogo kwa saa kadhaa. Beta iliyonaswa huanza kutema vipande vidogo mno vya alfa, vya nanomita makumi au mamia. Kadiri vinavyokuwa vingi na vyembamba, ndivyo atomi zinavyoshindwa kuteleza, na bolti inapata nguvu.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mchanganyiko

Kuna kipimo cha makadirio kinachogeuza kila elementi kuwa molibdeni sawia. Chukua asilimia ya molibdeni kwa uzito, ongeza vanadi mara 0.67, kromi mara 1.6, chuma mara 2.9, kisha toa alumini. Jibu likifika kama 10, beta itanaswa yote ukiipoza ghafla. Likizidi sana, beta inakuwa tulivu mno na huchukua muda mrefu kukomaa.

Tuijaribu Beta C. Molibdeni 4, vanadi 8 inatoa 5.36, kromi 6 inatoa 9.6, alumini inatoa 3 kwa kupunguza. Jumla ni karibu 16. Ti-10V-2Fe-3Al inatoa 9.5, yaani iko mpakani kabisa. Ti-6Al-4V inatoa namba hasi, ndiyo sababu inahitaji mtoso wa haraka sana ili ikomae.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua Beta C iwe kipimo chako, kisha tengeneza ndugu zake wawili kwa kubadilisha kitu kimoja tu. Kwa mfano, ondoa asilimia 2 za kromi, ambazo ni sawa na 3.2 katika hesabu, weka asilimia 1.1 za chuma, ambazo pia ni 3.2. Molibdeni sawia imebaki ileile, na sasa tofauti yoyote utakayoiona inatokana na chuma badala ya kromi. Ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja, utapata namba nyingi na hutajua hata moja imetoka wapi.

Chuma kinavutia kwa sababu ni rahisi bei na kinafanya kazi mara 2.9 ya molibdeni. Aloi ya Ti-1Al-8V-5Fe ilibuniwa mahususi kwa bolti zamani, na nguvu yake ilikuwa ya kutisha. Iliangushwa na tonge lake. Chuma hakitaki kuganda pamoja na titani; husukumwa kwenye sehemu zinazoganda mwisho, na huko hujilimbikiza. Sehemu hizo mpaka wake wa beta unakuwa chini kuliko jirani zake, na ukiipika aloi nzima kwa joto moja, zenyewe zimeshavuka mpaka. Kwenye hadubini zinaonekana kama madoa yasiyo na alfa. Doa moja katika shina la bolti linatosha kuwa mwanzo wa ufa. Mwaka 2016 maabara ya Pacific Northwest ya Marekani ilirudi kwenye aloi hiyohiyo na kuonyesha kuwa ikipangwa vizuri hadi kiwango cha nanomita hufika megapaskali 1700. Kwa hiyo mlango haujafungwa, ila usipite bila kujua kilichowazuia waliotangulia.

Usiongeze alumini kwa pupa pia. Alumini ikizidi, hasa ikisaidiwa na oksijeni, huzaa mpangilio mwingine wa titani na alumini ambao ni mkavu na hukatika bila kuaga.

Hatua ya nne: yeyusha

Titani huyeyuka kwa nyuzi 1668 na ikiwa ya moto hula oksijeni na naitrojeni kama mwenye njaa. Huwezi kuiyeyusha kwenye chungu cha udongo. Kwa majaribio hutumika tao la umeme ndani ya chumba chenye argoni, juu ya sahani ya shaba inayopozwa kwa maji. Kabla ya kuyeyusha aloi, yeyusha kwanza kipande cha titani chakavu ndani ya chumba hichohicho ili kinyonye oksijeni iliyobaki. Kikitoka kimeng'aa kama fedha, endelea. Kikitoka na rangi ya majani makavu au buluu, hewa imeingia; tafuta uvujaji, usijidanganye.

Geuza tonge na kuliyeyusha upya mara 5 au 6. Molibdeni huyeyuka kwa nyuzi 2623, karibu elfu moja juu ya titani, na usipotumia aloi mama, yaani molibdeni au vanadi iliyokwisha kuchanganywa na alumini, itabaki vipande. Tonge langu la kwanza la aloi ya namna hii nililikata kwa fahari, nikalisugua mpaka likawa kioo, nikaliweka chini ya hadubini. Palikuwa na punje nyeupe zimetapakaa kama chumvi kwenye muhogo: molibdeni ambayo haikuyeyuka kamwe. Kazi ya wiki mbili ilirudi mwanzo.

Kiwandani njia ni nyingine. Sifongo ya titani, inayopatikana kwa kuifanya kloridi ya titani ikutane na magnesi kwa njia aliyoibuni mtaalamu wa metali William Kroll, hubanwa na kuyeyushwa kwa tao ndani ya ombwe, mara 2 au 3. Yeyuko la tatu lina sababu. Mwaka 1989 ndege ya United 232 ilianguka Sioux City baada ya diski ya feni ya titani kupasuka, na ufa ulianzia kwenye kidonge kigumu chenye naitrojeni kilichobaki tangu siku ya kuyeyusha. Hapa kwetu Kenya, mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa Kwale na kusafirishwa kutoka Likoni kwa takriban miaka kumi hadi mwisho wa 2024, lakini duniani sehemu kubwa kabisa ya madini hayo huishia kwenye rangi nyeupe, si kwenye metali. Hilo huniuma kila ninapolikumbuka.

Hatua ya tano: fua

Lisawazishe tonge kwa kulipasha juu ya nyuzi 1000 kwa siku nzima, ndani ya argoni. Kisha lifue kwanza juu ya mpaka wa beta ili kuvunja chembe (fuwele za metali) kubwa za mgando, na umalizie chini ya mpaka ili chembe mpya ziwe ndogo. Punguza angalau theluthi mbili ya unene kwa jumla. Baada ya hapo kwaruza gamba lote la juu. Gamba hilo limejaa oksijeni, ni gumu na lina nyufa, na ukiliacha litaingia kwenye bolti pamoja na nyufa zake.

Hatua ya sita: tafuta mpaka wa beta wa aloi yako

Usiuchukue kutoka jedwalini. Mchanganyiko wako si wa jedwali. Kata vipande vidogo kama kumi, pasha kila kimoja kwa joto lake, ukiachanisha nyuzi 10, kwa nusu saa, kisha kitose majini papo hapo. Sugua, ng'arisha, na uviumbue (yaani uso uliwe kidogo ili chembe zionekane) kwa mchanganyiko wa maji, asidi ya nitriki na asidi kidogo ya haidrofloriki. Kipande cha kwanza kisicho na alfa hata chembe ndicho mpaka wako.

Asidi ya haidrofloriki haiogopeshi kwa sura. Tone lake kwenye ngozi linaweza lisiume mwanzoni, kumbe linashuka mpaka mfupani na kuvuruga kalisi ya damu. Usiifungue chupa kama huna jeli ya kalisi glukoneti mkononi, glavu zinazofaa na mtu wa pili chumbani. Na vumbi la titani likishika moto usilimwagie maji. Lifunike kwa mchanga mkavu au poda ya kuzimia moto wa metali.

Hatua ya saba: pika

Hapa ndipo nguvu hupatikana au kupotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwanza, kusawazisha, yaani kule kupasha kwa mwanzo kabla ya kupoza ghafla. Kwa aloi za beta, nyuzi 20 hadi 50 juu ya mpaka kwa nusu saa zinatosha. Ukizidisha, chembe za beta hukua kwa kasi kwa sababu hakuna tena alfa ya kuzizuia, na chembe kubwa humaanisha bolti inayopasuka kirahisi. Mimi napendelea kujaribu pia kundi moja nyuzi 20 chini ya mpaka. Alfa kidogo iliyobaki huzibana chembe zisikue. Unapoteza nguvu kiasi, unapata unyumbukaji. Kwa bolti nauona ubadilishanaji huo unalipa.

Ti-6Al-4V yenyewe husawazishwa karibu na nyuzi 955, chini ya mpaka, na lazima itoke tanurini na kufika majini ndani ya sekunde chache. Pima kwa saa, si kwa macho. Beta C ina subira zaidi, na pini nyembamba hata kwa gesi inapoa salama.

Pili, kukomaza. Kwa aloi za beta anza na jedwali dogo: nyuzi 450, 500 na 550, kwa saa 2, 4, 8 na 16. Hayo ni makundi 12. Joto la chini hutoa alfa nyembamba na nguvu kubwa, lakini ukavu. Joto la juu hutoa alfa nene, nguvu ndogo na ulaini. Ukiweka namba za ugumu kwenye karatasi ya grafu utaona kilima. Watu hukimbilia kileleni. Bolti nzuri hukaa upande wa pili, ukishaanza kuteremka kidogo kuelekea joto la juu, kwa kuwa hapo tanuri likikosea kwa nyuzi 10 nguvu haibadiliki sana.

Mwendo wa kupasha nao una maana, na ni jambo ambalo wengi hulipita. Kati ya nyuzi 200 na 450 hivi, aloi nyingi za beta huzaa vipunje vya mpangilio wa tatu uitwao omega. Omega ikibaki, bolti inakuwa kavu. Lakini ikizaliwa kidogo kisha ukaendelea kupasha, kila kipunje huwa mbegu ya alfa, na alfa inatapakaa sawasawa badala ya kujazana mipakani mwa chembe. Kwa hiyo jaribu kundi moja lililopashwa nyuzi 5 kwa dakika na jingine lililotupwa tanurini likiwa tayari na moto. Aloi ileile, joto lilelile, saa zilezile, na bado majibu yanaweza kuachana kwa mbali.

Funga kipimajoto kwenye pini yenyewe. Tanuri moja nililolitumia lilionyesha 500 mlangoni wakati katikati palikuwa 518, na kwa miezi mitatu niliamini aloi yangu ni dhaifu.

Hatua ya nane: pima

Ugumu ni wa kuchuja tu. Kutoka makundi 12 chagua 3, yavute, kisha yakate kwenye visahani vitatu. Gawa mzigo kwa mara mbili ya eneo la pini. Kwa pini yetu ya robo inchi, eneo ni milimita za mraba 31.7, mara mbili ni 63.3, na ili ufike megapaskali 745 unahitaji kilonyutoni 47.2, karibu uzito wa tani 5. Urefukaji, yaani kiasi pini inavyorefuka kabla ya kukatika, ukishuka chini ya asilimia 8 mimi huirudisha aloi jikoni, hata nguvu ikiwa nzuri namna gani.

Kila pini iliyokatika, itazame uso wa mkatiko. Uso wenye vishimo vidogo kama sega la nyuki unasema metali ilinyumbuka kabla ya kufa. Uso wenye vibapa laini vinavyofuata mipaka ya chembe unasema alfa imejipanga mipakani. Rudi kwenye mwendo wa kupasha.

Pima pia haidrojeni. Viwango huikomesha kwenye sehemu 125 hadi 150 kwa milioni, na beta huinywa kwa urahisi kuliko alfa. Kuosha kwa asidi ndiko kunakoiingiza. Tumia asidi ya nitriki nyingi, kama mara 10 ya haidrofloriki.

Hatua ya tisa: ifanye iwe bolti

Kichwa hugongwa wakati fimbo bado laini, kwa moto kwa Ti-6Al-4V, na aghalabu kwa baridi kwa aloi za beta zilizosawazishwa. Kisha unapika, unakomaza, unasaga shina kufikia kipimo. Hesi, yaani mistari ya kukazia nati, viringisha mwisho, baada ya kukomaza, usiikate. Kuviringisha huacha ngozi ya hesi ikiwa imebanwa, na ufa hauanzi kirahisi penye mbano. Viringisha pia kikuku cha kona kati ya kichwa na shina. Hapo, na kwenye hesi ya kwanza iliyoshikwa na nati, ndipo bolti nyingi huvunjikia. Aloi ikifika 1240 mashine itaomba pini ipashwe kidogo kabla, ikubalie.

Titani hung'ang'aniana na titani, kwa hiyo bolti ipakwe kilainishi au rangi yenye alumini kabla ya kukutana na nati. Usiipake kadmi, metali inayopakwa kwenye feleji kuzuia kutu, kamwe. Wahandisi wa Lockheed walipojenga ndege za upelelezi za jamii ya SR-71, waliona vichwa vya bolti za titani vikidondoka vyenyewe baada ya kupata joto. Walipofuatilia waligundua spana zao zilikuwa na kadmi, na kila zilipogusa bolti ziliacha alama ambayo joto liliigeuza kuwa sumu ya metali. Walitoa spana zote zenye kadmi kwenye masanduku ya mafundi. Kabla bolti ya kwanza ya aloi yako haijafungwa mahali popote, fungua droo ya zana na ufanye vivyo hivyo.